Kompyuta Inabuni Dawa, Mbona Bei Haishuki?

*Swali: Nina Duka la Dawa Muhimu hapa Makambako, na binti yangu yuko chuoni anasomea stashahada ya famasi. Nimesikia redioni kwamba akili mnemba siku hizi inagundua dawa mpya kwa muda mfupi, na kwamba viwanda vya dawa vinaendeshwa na kompyuta. Naomba unisaidie mambo matatu. Je, dawa zitashuka bei? Binti yangu akimaliza atakuta kazi, au kompyuta itakuwa imeshaichukua? Na la mwisho: wateja wananijia na simu mkononi wanasema AI imewaambia wanunue dawa fulani, na dozi yake ni hii hapa. Niwajibuje?*

Mama, shikamoo. Nianze na bei, kwa kuwa ndilo swali lenye jibu fupi. Hazitashuka, au zikishuka haitakuwa kwa sababu ya akili mnemba.

Tazama rafu zako. Parasetamo, amoksilini, dawa ya mseto ya malaria, ORS na zinki, dawa za minyoo, vidonge vya majira. Waliozigundua walishalipwa zamani. Karibu zote hataza zake, yaani haki ya mgunduzi kuzitengeneza peke yake, zimekwisha, na kiwanda chochote chenye kibali kinaweza kuzitengeneza. Bei unayotozwa na muuzaji wa jumla imebeba mambo mengine kabisa: malighafi, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka China na India, thamani ya dola siku mzigo ulipoagizwa, meli, bandari, lori la kupanda mlima Kitonga, na faida ya kila mkono ulioshika boksi kabla yako. Kompyuta inayobuni molekuli huko London au Boston haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Yenyewe inafanya kazi mwanzoni kabisa mwa safari ya dawa, sehemu ambayo wateja wako hawailipii tena.

Ila huko mwanzoni mambo yamebadilika kweli, redio haikukudanganya. Dawa nyingi hufanya kazi kwa kujishikiza kwenye protini fulani, iwe ya mwili wetu au ya kimelea, kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli. Huwezi kuchonga ufunguo wa kufuli usilolijua umbo lake, na kwa miaka mingi kulijua umbo la protini moja tu ilikuwa kazi ya miezi, wakati mwingine miaka, maabara. Mwishoni mwa 2020 kampuni ya DeepMind ya London ikaonyesha programu yake iitwayo AlphaFold, inayokisia umbo hilo kwa kompyuta kwa usahihi ambao wataalamu wenyewe hawakuutegemea. Kufikia Julai 2022 maumbo ya protini zaidi ya milioni 200 yalikuwa yamewekwa wazi, bure, kwa yeyote mwenye intaneti, yakiwamo ya kimelea cha malaria. Mwanafunzi aliyeko bwenini Muhimbili anaweza kuyafungua usiku huu huu. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper wa DeepMind walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo, pamoja na David Baker wa Marekani, ambaye yeye hubuni protini mpya ambazo hazijawahi kuwapo.

Kulijua umbo ni hatua moja. Kupata molekuli inayofaa ni nyingine, na hapa mfano mzuri ni antibayotiki iliyopewa jina la halicin. Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani, wakiwamo James Collins na Regina Barzilay, walichukua molekuli zaidi ya 2,300, wakazijaribu kwa bakteria wa E. coli maabara, wakaandika ipi inawazuia kukua na ipi haiwazuii. Orodha hiyo ndiyo wakaifundishia kompyuta. Baadaye wakaipa orodha nyingine ya molekuli kama 6,000, nyingi zikiwa zimewahi kufanyiwa utafiti kwa ajili ya magonjwa tofauti, wakaiuliza: katika hizi, ni ipi itazuia bakteria na wakati huohuo haifanani na antibayotiki tulizozizoea? Kompyuta ikachagua molekuli ambayo zamani ilifikiriwa kuwa dawa ya kisukari, ikaachwa. Walipoijaribu iliua bakteria sugu wa aina kadhaa, hata wa kifua kikuu kwenye kisahani cha maabara, na ikatibu panya walioambukizwa. Habari hiyo ilitoka Februari 2020, ikashangiliwa dunia nzima. Leo ukiiagiza halicin kwa muuzaji yeyote wa jumla duniani, huipati. Bado haijawa dawa.

Kati ya molekuli iliyochaguliwa na kidonge kilichoko dukani kuna njia ndefu, na sehemu kubwa ya njia hiyo haipitiki kwa kompyuta. Lazima ijulikane kama molekuli inafika inakotakiwa ikimezwa, kama ini linaivumilia, kama haiharibu mimba. Hujaribiwa kwa wanyama, kisha kwa watu wachache kuona usalama wake, kisha kwa wagonjwa makumi au mamia kuona kama inatibu, kisha kwa maelfu. Kwa kawaida tangu wazo la kwanza hadi dukani hupita miaka 10 hadi 15, na katika kila dawa 10 zinazoanza kujaribiwa kwa watu, takriban 9 huishia njiani. Mgonjwa akitakiwa kufuatiliwa mwaka mzima, mwaka ule hauna njia ya mkato.

Januari 2020 kampuni ya Exscientia ya Uingereza na Sumitomo Dainippon ya Japani zilitangaza molekuli iitwayo DSP-1181, kwa ajili ya ugonjwa wa akili unaomfanya mtu arudierudie mawazo au vitendo bila kuweza kujizuia. Waliitambulisha kama molekuli ya kwanza iliyobuniwa kwa akili mnemba kuingia kwenye majaribio ya watu. Kuibuni kulichukua chini ya miezi 12, kazi ambayo kwa njia ya zamani huchukua zaidi ya miaka minne. Magazeti yakaandika kwamba zama mpya zimefika. Mwaka 2022 ikaachwa, baada ya hatua ya kwanza ya majaribio kutofikia walichokitarajia. Kuachwa kwake hakukuandikwa sana.

Ya upande wa pili pia nikupe, usije ukaniona mpinzani. Kampuni ya Insilico Medicine ilitumia akili mnemba kutafuta protini ya kulenga, kisha ikaitumia tena kubuni molekuli ya kuilenga, kwa ajili ya ugonjwa unaogeuza mapafu kuwa makovu bila sababu inayojulikana. Dawa hiyo, rentosertib, ilijaribiwa kwa wagonjwa 71 nchini China kwa wiki 12, na matokeo yakachapishwa Juni 2025. Waliopewa dozi kubwa zaidi, uwezo wao wa kutoa pumzi uliongezeka kwa wastani wa mililita 98 hivi. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, wao ulipungua kwa mililita kama 20. Katika ugonjwa ambao kwa kawaida tunashukuru tu ukipunguza kasi, hiyo ni habari kubwa. Lakini ni watu 71, waliogawanywa makundi manne. Utahitajika utafiti wa mamia ya watu kabla mtu hajaweza kusema neno la mwisho.

Mwaka 2024 wachambuzi walikusanya molekuli zote walizoweza kuzipata zilizotokana na akili mnemba na zikaingia kwenye majaribio ya watu. Katika hatua ya kwanza, ya usalama, zilifaulu asilimia 80 hadi 90, juu kabisa ya kiwango kilichozoeleka. Katika hatua ya pili, ya kuuliza kama zinatibu, zilifaulu kama asilimia 40, sawasawa na dawa za njia ya zamani. Idadi yenyewe bado ni ndogo, kwa hiyo tuisome kwa tahadhari. Ila ukinitaka niseme inaonyesha nini, nitasema kompyuta imekuwa hodari wa kubuni molekuli zisizodhuru. Kujua kama zinaponya, bado ni hadi mgonjwa azimeze.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa wakati wa korona, kwa sababu una pande zote mbili. Mwanzoni mwa Februari 2020, kabla wengi wetu hatujaanza hata kunawa mikono mlangoni, kampuni ya BenevolentAI ya London iliipekua hazina yake ya maandiko ya kitabibu kwa akili mnemba ikiuliza: katika dawa ambazo tayari zipo, ni ipi ingeweza kumzuia kirusi huyu na kutuliza uvimbe unaoua mapafu? Ikaja na baricitinib, dawa ya baridi yabisi ya kampuni ya Eli Lilly. Pendekezo lilitoka mapema kiasi hicho. Majaribio ya Marekani yalitoa dalili nzuri mwishoni mwa mwaka ule. Lakini jibu la uhakika kuhusu vifo lilipatikana Machi 2022, kwenye jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY, baada ya kufuatilia wagonjwa zaidi ya 8,000: vifo vilipungua kwa asilimia 13. Kompyuta ilikuwa sahihi. Ikabidi miaka miwili na watu elfu nane ili tujue kuwa ilikuwa sahihi.

Sasa jaribio hilohilo la RECOVERY ndilo lililotuonyesha deksamethasoni, dawa ya tangu miaka ya 1950 ambayo bei yake unaijua. Mgonjwa wa kwanza aliingizwa tarehe 19 Machi 2020, na tarehe 16 Juni ikatangazwa kwamba dawa hiyo ya bei ya chini inapunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa waliowekewa mashine ya kupumulia. Chini ya miezi mitatu! Hapakuwa na akili mnemba yoyote iliyoitafuta. Kilichokuwapo ni fomu fupi ya mtandaoni, ambayo daktari aliyechoka saa nane za usiku angeweza kuijaza bila kuondoka wodini. Kompyuta ikampangia mgonjwa kundi lake kwa kura, kisha kumbukumbu za hospitali na za vifo nchi nzima zikaunganishwa ili kujua nani alipona na nani hakupona, badala ya kuajiri watu wa kuzunguka kuuliza. Katika mabadiliko yote ya kidijitali kwenye dawa, mimi fomu ile naipa uzito kuliko programu nyingi zinazotangazwa kwa mbwembwe, kwa sababu ilifupisha sehemu ambayo wengine wote wameshindwa kuifupisha.

Kuna jambo lingine linalosemwa kwa nadra. Kompyuta hujifunza kutokana na data, na data za dawa kwa sehemu kubwa ni za miili ya watu wa Ulaya na Marekani. Utakumbuka wagonjwa wa miaka ile waliokuwa wakimeza vidonge vya VVU vyenye efavirenz. Vilimezwa usiku, na wengi walilalamika ndoto za kutisha na kizunguzungu asubuhi. Sehemu ya sababu iko kwenye jeni iitwayo CYP2B6, inayosimamia jinsi ini linavyoivunja dawa hiyo. Aina ya jeni inayoivunja polepole ni ya kawaida zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu, kwa hiyo kidonge kilekile cha miligramu 600 kilikuwa kinakaa kwa wingi zaidi kwenye damu ya mtu wa Mbeya kuliko ya mtu wa Berlin. Mwaka 2014 utafiti wa kimataifa ulionyesha kuwa miligramu 400 zinatosha. Sasa jiulize: programu iliyofundishwa kwa takwimu za Berlin ingekisia dozi gani kwa mtu wa Mbeya?

Ndiyo maana nafuatilia kwa karibu kituo cha H3D cha Chuo Kikuu cha Cape Town, kilichoanzishwa mwaka 2010 na Profesa Kelly Chibale, ambacho kinatafuta dawa za malaria na kifua kikuu papa hapa Afrika. Wakishirikiana na shirika la Ersilia, walijenga mfumo wa akili mnemba uliofundishwa kwa matokeo ya maabara yao wenyewe, na mwaka 2023 wakauchapisha ili wengine nao wautumie. Kwa fedha walizonazo ni kitu kidogo ukilinganisha na makampuni ya Marekani. Kwangu ndio mwelekeo wenye maana zaidi kwetu.

Viwanda nitavipitia upesi. Zamani, na hata sasa katika viwanda vingi, kidonge hutengenezwa kwa mikupuo: unachanganya, unasimamisha mashine, unapeleka sampuli maabara, unasubiri majibu, ndipo unaendelea. Njia mpya ni unga kuingia upande mmoja na vidonge kutoka upande wa pili bila kusimama, huku vipima mwanga vikisoma kiasi cha dawa kila wakati na kompyuta ikirekebisha mashine. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kwa mara ya kwanza dawa iliyokuwa ikitengenezwa kwa njia ya zamani ihamie kwenye njia hii. Ilikuwa Prezista, dawa ya VVU, katika kiwanda cha Puerto Rico. Faida kubwa ni ubora kuwa uleule kidonge kwa kidonge. Ni mitambo ghali, na kiwanda kinachouza parasetamo kwa faida ya senti hakina haraka ya kuinunua.

Tuje kwa binti. Nikueleze jambo lililofanyika hapa hapa kwetu, maana litamfaa kuliko habari za London. Mwaka 2009 katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, kulikuwa na tatizo unalolijua: kituo kimoja kimeishiwa dawa ya mseto kabisa, cha jirani kina maboksi yanayokaribia kwisha muda, na mganga mkuu wa wilaya hana habari ya kimoja wala cha pili. Wizara ya Afya ikishirikiana na Novartis, IBM, Vodafone na mpango wa kimataifa wa kupambana na malaria wakaanzisha SMS for Life katika vituo 129. Kila Alhamisi mhudumu wa kituo alipata ujumbe kwenye simu yake ya kawaida, ile ya tochi, ukimwuliza zimebaki paketi ngapi za kila moja ya aina nne za mseto, na sindano ngapi za kwinini. Kujibu ilikuwa bure, na aliyejibu kwa wakati alitumiwa salio. Mwanzoni mwa wiki mganga mkuu aliona orodha ya wilaya nzima, akaanza kuhamisha dawa kutoka penye ziada kwenda penye upungufu.

Wiki ya kwanza, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimekosa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 vilikuwa 26. Lindi Vijijini walitoka asilimia 57 wakafika sifuri. Kigoma Vijijini walianzia pabaya zaidi, asilimia 93, wakabaki na 47, maana kama wilaya nzima haina dawa, hakuna pa kuhamishia. Hapakugunduliwa hata kidonge kimoja kipya, na watoto wakapata dawa.

Angalia ni nani aliyekuwa anafanya kazi pale. Mhudumu aliyefungua kabati siku ya Alhamisi, akahesabu, akaandika namba ya kweli. Leo maombi ya dawa ya vituo vya serikali hupita kwenye mfumo wa eLMIS, na hospitali nyingi za serikali zinatumia GoT-HoMIS kuandika kila kinachotoka dirishani. Wapo wanaojaribu akili mnemba ikisie mahitaji ya dawa ya miezi ijayo kutokana na namba hizo. Akiandika mtu namba ya kubuni kwa kuwa amechelewa daladala, akili mnemba nayo itakisia juu ya uongo huo, tena kwa kujiamini. Binti yako ndiye atakayekuwa kwenye lile kabati.

Dawa bandia ni sehemu nyingine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 katika kila 10 za tiba haifikii viwango au ni bandia. Ghana na Nigeria walianza mapema na namba za kukwangua kwenye boksi: unakwangua, unatuma kwa SMS, unajibiwa kama namba ni halali. Ni msaada, ila namba halali haikuambii kilichomo ndani ya kidonge. Kinachonivutia zaidi ni kadi ya karatasi iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, na kujaribiwa magharibi mwa Kenya, upande wa Eldoret. Kadi ina njia 12 nyembamba, kila moja na kemikali zake. Unasaga kidonge, unapaka unga kwa mstari mmoja unaokata njia zote, kisha unachovya ukingo wa chini wa kadi kwenye maji. Maji yanapanda taratibu, na baada ya dakika chache kila njia inakuwa na rangi yake. Amoksilini ya kweli ina mpangilio wake wa rangi, na chokaa iliyowekwa ndani ya kapsuli ina wake. Jicho la mtu linaweza kuchanganya waridi na chungwa, kwa hiyo kadi hupigwa picha kwa simu na kompyuta iliyofundishwa ikaisoma. Kadi haimalizi ubishi. Inakuambia tu boksi lipi lipelekwe kwanza maabara ya TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, na maabara hizo, unajua, hazina nafasi ya kupima kila boksi la nchi nzima.

Halafu kuna madhara ya dawa. Mgonjwa akitokwa na vipele baada ya dawa, ripoti inayojazwa kwenye fomu ya njano au mtandaoni huenda TMDA, na kutoka huko hufika Uppsala, Sweden, kwenye hazina ya Shirika la Afya Duniani yenye ripoti zaidi ya milioni 30. Huko kompyuta hutafuta dawa na dalili zinazokutana mara nyingi kuliko inavyotarajiwa. Wala si jambo la jana: tangu mwaka 1998 wanatumia mfumo wa aina ya mtandao wa neva, ndugu wa hizi akili mnemba tunazozisikia sasa. Ripoti kutoka Afrika huko ni kidogo mno. Dawa ikiwadhuru watu wa Njombe kwa namna ya pekee, na hakuna aliyejaza fomu, hazina ile haitajua milele.

Kwa hiyo kazi ipo, ila si ileile. Kuhesabu vidonge kwa kijiko, kunakili leja, kutafuta bei kwenye daftari, hizo zitapungua. Nitakachomshauri ni asizidharau takwimu chuoni, aijue vizuri programu ya majedwali ya hesabu kabla hajamaliza, na akienda mafunzo kwa vitendo aombe kukaa bohari na kwenye kitengo cha taarifa za madhara, mahali ambapo wanafunzi wengi hawapataki kwa kuwa hapana wagonjwa. Kozi za akili mnemba za wiki mbili zinazouzwa mitandaoni asizikimbilie. Pesa hiyo anunue bando asome ripoti za TMDA na miongozo ya matibabu ya taifa.

Sasa wateja wenye simu. Usiwafukuze, na usigombane na simu. Mtu aliyeuliza kabla ya kumeza ni afadhali kuliko aliyemeza dawa ya jirani. Programu hizi zinajibu vizuri maswali ya jumla, kwa mfano dawa fulani ni ya kundi gani au kwa nini haifai kumezwa na pombe. Wewe mwenyewe zinaweza kukusaidia kuelewa karatasi ya maelezo iliyoandikwa Kiingereza kigumu, mradi kila namba unairudia kwenye karatasi yenyewe. Shida ni kwamba simu hujibu kwa kile ilichoambiwa, na mtu mwenye mgonjwa nyumbani husahau kusema nusu ya mambo.

Chukua mseto. Baba anakuja, simu imemwambia mtoto wa miaka sita ampe vidonge viwili kwa mkupuo. Huenda ni sawa, huenda si sawa. Dozi ya mseto hufuata uzito: kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge kimoja, 15 hadi chini ya 25, viwili, 25 hadi chini ya 35, vitatu, 35 na kuendelea, vinne, mara mbili kwa siku kwa siku tatu. Mtoto wa miaka sita anaweza kuwa na kilo 14, na anaweza kuwa na 26. Muulize baba: ana kilo ngapi? Amepimwa malaria, au ni homa tu? Ameshapewa dawa gani tangu jana? Kama anayeumwa ni mwanamke, ana mimba? Maswali hayo ni ya kwako, na ukiyauliza kwa upole mteja mwenyewe ataona kuwa simu haikumuuliza.

Akitaka antibayotiki, jibu halibadiliki kwa sababu limeandikwa kwenye kioo badala ya karatasi: cheti kiko wapi, na je, dawa hiyo imo kwenye orodha unayoruhusiwa kuuza? Simu zinapenda kutaja majina ya dawa za Marekani na India ambazo hapa hazijasajiliwa. Daftari la dawa zilizosajiliwa liko kwenye tovuti ya TMDA, unaweza kulitafuta mbele yake, na ukikwama mpigie mfamasia wa wilaya. Na akikuambia mtoto anatapika kila anachopewa, amelegea au amepata degedege, usimuuzie chochote. Mwelekeze kituo cha afya saa hiyohiyo, simu iseme isemavyo.